Sukari ya Asubuhi Moja Haisemi Yote

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Siku ya kliniki ya kisukari, katika hospitali zetu nyingi, huanza alfajiri. Wagonjwa hufika kabla hawajatia kitu kinywani, huketi kwenye mabenchi na madaftari yao mkononi, wakisubiri kutobolewa kidole. Kitone cha damu hutiwa kwenye kijiti, mashine ndogo hungoja sekunde chache, na namba huandikwa daftarini. Aliyepata 6 hutoka akitabasamu. Aliyepata 14 huinamisha kichwa kama mtoto aliyeanguka mtihani. Kisha kila mmoja huchukua dawa zake na kurudi nyumbani, na habari ya kisukari imekwisha hadi mwezi ujao.

Leo nataka tuizungumze namba hiyo. Ni namba ya kweli na ina kazi yake, lakini inaeleza habari za asubuhi ile peke yake. Yanayompofusha mgonjwa wa kisukari, yanayoua figo zake na kumfikisha mahali pa kukatwa mguu, ni madhara yanayojikusanya ndani ya mishipa ya damu mwaka baada ya mwaka. Madhara hayo yana vipimo vyake, na vipimo hivyo wengi wetu hatuviulizii.

Wapo wagonjwa wanaojua sana kuipamba namba ya asubuhi. Siku tatu kabla ya kliniki hawagusi soda wala maandazi, ugali wanaumega kwa ncha za vidole, na mchicha unakuwa ndiyo chakula. Sukari inashuka, muuguzi anasifu, na jioni ile ile mambo yanarudi kama kawaida. Tusiwacheke, maana hakuna apendaye kukemewa mbele ya watu. Lakini mishipa ya damu haijui siku ya kliniki. Yenyewe inapokea kile inacholetewa kila siku, usiku na mchana.

Sasa sukari inaidhuruje mishipa? Sukari ya damu, yaani glukosi, ni chakula cha mwili. Misuli, kwa mfano, huipokea kwa kufunguliwa mlango na insulini, ile homoni itokayo kwenye kongosho. Lakini zipo sehemu za mwili ambazo mlango wake hauhitaji insulini. Miongoni mwa hizo ni utando laini unaotandika mishipa ya damu kwa ndani, pamoja na retina ya jicho, figo na neva. Sukari inapozidi katika damu, sehemu hizi haziwezi kujizuia: zinajaa sukari zisiyoitaka, na shughuli za ndani ya seli zake zinavurugika.

Kadhalika sukari ina tabia ya kunata kwenye protini. Mama anayeoka mkate ameona ganda la juu linavyogeuka rangi ya kahawia na kuwa gumu. Jambo hilo linatokea kwa sababu sukari na protini zimeungana kwa joto. Katika mwili wa mwenye kisukari muungano wa namna hiyo hutokea pia, polepole sana, bila moto. Kuta za mishipa, ambazo zinapaswa kuwa laini na zenye kunyumbuka, huwa nene na ngumu. Vishipa vidogo kabisa, vyembamba kuliko unywele, huanza kuvuja au kuziba. Mishipa mikubwa nayo hujenga utando wa mafuta ndani yake, damu ikapita kwa shida.

Ndiyo maana wataalamu huyagawa madhara haya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vishipa vidogo: macho, figo na neva. Fungu la pili ni la mishipa mikubwa: ya moyo, ya ubongo na ya miguu. Mtu aliyepata kiharusi, mwingine aliyekatwa mguu na mwingine anayesafishwa damu kwa mashine wanaweza kuonekana kuwa na magonjwa matatu mbalimbali, kumbe chanzo ni kimoja.

Ndugu msikilizaji, ile tabia ya sukari kunata ndiyo iliyowapa wataalamu kipimo kizuri. Mwaka 1968 huko Tehran, daktari wa Iran aitwaye Samuel Rahbar alikuwa akichunguza himoglobini, yaani ile protini inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Katika damu ya wagonjwa wa kisukari akaona himoglobini ya aina isiyo ya kawaida. Baadaye ilifahamika kwamba ni himoglobini iliyonatwa na sukari. Maabara huiandika kwa herufi HbA1c, na katika kliniki zetu imezoeleka kuitwa kipimo cha miezi mitatu.

Kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Muda wote huo inatembea ndani ya damu, na kadiri sukari ilivyo nyingi ndivyo himoglobini yake inavyonatwa zaidi. Hivyo damu ikipimwa leo, inatoa wastani wa sukari ya majuma manane hadi kumi na mawili yaliyopita. Kula mchicha kwa siku tatu hakuwezi kufuta miezi hiyo.

Tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye asubuhi ya kliniki sukari yake ilikuwa milimoli 6 kwa lita. Akipimwa kipimo cha miezi mitatu akapata asilimia 10, maana yake ni kwamba wastani wa sukari yake umekuwa milimoli 13 hivi. Daftari lake linamsifu, huku mishipa yake inaungua. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba asilimia 6.5 au zaidi ni dalili ya kisukari, na kwa watu wazima wengi walio katika matibabu madaktari hulenga kufika asilimia 7 au karibu na hapo.

Hapana budi nitoe tahadhari inayotuhusu sana sisi wa nchi za joto. Kipimo hiki kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa kawaida. Mtu mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye malaria imemharibia chembe nyingi, anaweza kupata jibu lisilo sahihi. Mtu wa namna hiyo amweleze daktari mapema, ili atumiwe kipimo kingine.

Huenda msikilizaji akauliza: kuna ushahidi gani kwamba kuishusha sukari kunaokoa mishipa? Swali hilo lilibishaniwa na madaktari kwa miaka mingi, na jibu lilipatikana kwa majaribio mawili makubwa.

La kwanza lilifanyika Marekani na Kanada, kwa wagonjwa 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile cha kutegemea insulini tangu mwanzo. Nusu walitibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati ule, na nusu wakatibiwa kwa makini zaidi, wakijipima na kujichoma insulini mara kadhaa kwa siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993. Kipimo cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 9 hivi kwa kundi la kwanza na asilimia 7 hivi kwa kundi la pili. Kwa wale walioanza wakiwa na macho mazima, hatari ya kupata ugonjwa wa retina ilipungua kwa asilimia 76.

Jaribio la pili lilifanyika Uingereza, likiongozwa kutoka Oxford na Profesa Robert Turner. Lilianza mwaka 1977 na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1998. Hili lilihusu kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho walicho nacho wengi wa wagonjwa wetu. Waliotibiwa kwa makini walifika asilimia 7.0, wenzao walikuwa asilimia 7.9. Tofauti hiyo ndogo peke yake ilipunguza madhara ya vishipa vidogo kwa robo nzima. Hesabu zilizotolewa mwaka 2000 kutokana na wagonjwa hao hao zilionyesha kwamba kila asilimia moja iliyopungua katika kipimo cha miezi mitatu iliambatana na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya vishipa vidogo, na asilimia 21 wa vifo vitokanavyo na kisukari.

Lakini wagonjwa wengi wa jaribio lile la Uingereza, siku walipogunduliwa kuwa na kisukari, tayari walikutwa na dalili za madhara mwilini. Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi kimya kimya. Siku unapoambiwa unacho, mishipa yako yawezekana imekwisha kuanza safari.

Nasikia mwingine anasema: basi tuishushe sukari hadi chini kabisa. La hasha. Jaribio jingine la Marekani na Kanada, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, lilijaribu kuwashusha hadi chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliokazwa hivyo walikufa zaidi kuliko wenzao. Sukari kushuka kupita kiasi ni hatari, hususan kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo. Kiwango cha kila mtu apange yeye na daktari wake.

Sasa tuondoke kwenye sukari, kwa maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kisukari ni sukari tu.

Kipimo cha pili ambacho kila mgonjwa anapaswa kukijua ni shinikizo la damu. Mshipa uliodhoofishwa na sukari ukisukumwa na damu yenye nguvu kupita kiasi, huharibika upesi mara mbili. Katika lile jaribio la Uingereza, wagonjwa 1,148 waliokuwa na shinikizo la juu pamoja na kisukari waligawanywa. Kundi moja lilishushwa hadi wastani wa 144 juu na 82 chini, jingine likabaki kwenye 154 juu na 87 chini. Tofauti ni vipimo 10 tu vya juu. Walakini kiharusi kilipungua kwa asilimia 44 na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 32. Mgonjwa anayemeza vidonge vya sukari kwa uaminifu, na kuviacha vya shinikizo kwa sababu hasikii kuumwa kichwa, anaacha nusu ya tiba yake kabatini.

Kipimo cha tatu ni cha mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la vishipa vya damu. Vishipa hivyo vikiharibika, protini iitwayo albumini huanza kupenya na kutoka na mkojo. Kuvuja huko huanza miaka kabla ya miguu kuvimba na kabla mgonjwa hajasikia lolote. Kijiti cha kawaida cha kuchovya katika mkojo huona protini ikiwa imekwisha kuwa nyingi. Kipo kipimo kingine makini zaidi kinachoiona mapema, na hospitali zenye uwezo huo zinapaswa kukitumia walau mara moja kwa mwaka.

Faida ya kugundua mapema ni kwamba dawa ipo. Mwaka 1993 ilitangazwa kuwa captopril, dawa ya shinikizo ambayo si ngeni katika maduka yetu ya dawa, iliwapunguzia wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza wenye figo zinazovuja hatari ya kufa, kusafishwa damu au kupandikizwa figo kwa nusu. Baadaye dawa za namna hiyo zilionyesha kuwafaa na wa aina ya pili. Haziwafai wajawazito, na hutolewa kwa agizo la daktari.

Kipimo cha nne ni cha mafuta ya damu, yaani lehemu. Hayo ndiyo yanayojijenga ndani ya mishipa mikubwa ya moyo na ya miguu. Mwenye kisukari ajue pia kwamba moyo wake unaweza kushambuliwa bila yale maumivu makali ya kifua, kwa kuwa neva zake zimekwisha kufa ganzi. Kuishiwa pumzi ghafla, jasho jembamba na kuchoka kusiko na sababu vitoshe kumpeleka hospitali. Sigara kwa mtu kama huyu ni kumwaga petroli juu ya moto.

Yafuatia macho. Jicho linaweza kuharibika sana kwa ndani huku mwenyewe anasoma gazeti bila shida. Kisha siku moja kishipa kinapasuka, na giza linaingia. Mionzi ya leza inaweza kuzuia jambo hilo kama ugonjwa utaonwa mapema, lakini utaonwaje ikiwa hakuna aliyeangalia? Mara moja kwa mwaka, mwenye kisukari atiwe dawa ya kupanua mboni, na retina yake ikaguliwe.

Mwisho ni miguu. Hapa mafungu yote mawili ya madhara hukutana. Neva zimekufa ganzi, hivyo mtu hasikii kidonda. Mshipa mkubwa umeziba, hivyo damu ya kuponya haifiki. Mtu anatembea na msumari ndani ya kiatu tangu asubuhi hadi jioni. Mwingine anakanda miguu kwa maji ya moto na kuibabua bila kujua. Mwaka 2005 madaktari wa kisukari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitaalamu habari za wagonjwa waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasihisi chochote, wakaja kuona damu asubuhi. Haya si mambo ya kutungwa. Kutoka hapo ni donda, na kutoka kwenye donda wapo wanaoishia kwenye msumeno.

Kwetu Tanzania tatizo hili limekua mbele ya macho yetu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitangaza matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Walikuta kisukari kwa mtu mmoja hivi kati ya 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, mijini na vijijini, ulikuta watu 9 hivi kati ya 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Umri na njia za kupima havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizo kama mizani ya dukani. Hata hivyo mwelekeo unaonekana.

Najua atasimama mtu aseme: vipimo hivi ni vya matajiri. Kipimo cha miezi mitatu hakipo kila mahali, na palipo nacho kina bei yake. Ni kweli, na wenye dhamana ya afya walisikie hilo. Dawa za kulevusha madhara ni ghali kuliko kipimo, na kusafisha damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma ni ghali kuliko vyote. Lakini hebu tuorodheshe visivyo ghali. Kupima shinikizo la damu kunahitaji mashine ambayo zahanati inayo. Kijiti cha mkojo ni rahisi. Kumwambia mgonjwa avue viatu, kumtazama katikati ya vidole na kugusa mshipa wa juu ya wayo kama unadunda, hakuhitaji hata senti. Pamoja na hayo, wangapi wamehudhuria kliniki miaka mitano bila kuambiwa hata siku moja wavue viatu?

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji mwenye kisukari, au mwenye mzazi au mwenzi mwenye kisukari, chukua daftari leo uongeze mistari. Usiandike sukari ya asubuhi peke yake. Andika shinikizo la damu kila uendapo kliniki. Andika tarehe ya mwisho ya kupima mkojo, ya kukaguliwa macho, ya kupimwa lehemu. Andika kipimo cha miezi mitatu kila kinapopatikana, walau mara mbili kwa mwaka. Mstari ukiwa mtupu, muulize daktari kwa adabu: hiki lini? Ni haki yako, na daktari mzuri atafurahi kuulizwa.

Nyumbani, kagua miguu kila jioni, na kama macho hayaoni vizuri mwite mjukuu akutazamie nyayo. Jaribu joto la maji kwa kiwiko kabla ya kuosha miguu. Usitembee pekupeku, hata uani. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kidonda, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kipeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala usikingoje kiote.

Na aliyegunduliwa jana asikate tamaa. Wale wagonjwa wa Uingereza walifuatiliwa tena kwa miaka kumi baada ya jaribio kwisha, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Ingawa tofauti ya sukari kati ya makundi ilikuwa imetoweka, waliotunzwa vizuri mwanzoni waliendelea kupata nafuu, pamoja na kupungua kwa mishtuko ya moyo. Mishipa ina kumbukumbu ndefu. Inakumbuka mabaya, na inakumbuka mema pia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kisukari hauonekani kwa macho, lakini unapimika.